Uzi maalumu: Magari ya zamani Dodoma na Kanda ya Kati – kuyatambua, kuyapiga picha, kuyafufua

Kabureta wa Kizota

Mbukwenyi wakuu!

Uzi huu ni wa wale ambao wakipita Chang'ombe au Makole wakaona boneti ya Land Rover inachungulia juu ya ukuta, pikipiki inasimama yenyewe. Tuweke hapa ujuzi: gari gani ni ya miaka gani, inapigwaje picha ikaeleweka, inafufuliwaje bila kuharibiwa. Matangazo ya biashara yaende kwingine.

Msimamo wangu nautoa mapema, atakayebisha abishe. Magari ya zamani ya huku kwetu mengi hayauawi na kutu, yanauawa na fundi mwenye haraka. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki bati linakaa kavu. Gari iliyolala Mpwapwa miaka ishirini unaweza kuikuta na sakafu nzima. Iliyolala Tanga muda huohuo unakuta majani yameota ndani. Ila jua letu halisamehe kitu chochote cha mpira: raba za vioo, mipira ya breki, hozi za maji, nyaya za zamani zilizovikwa mpira na kitambaa. Kwa hiyo ukipanga bajeti, usiige ya watu wa pwani. Huku pesa ya bati ni ndogo, pesa ya mpira ni kubwa.

Na kanuni moja tu ya uzi: picha kwanza, spana baadaye.

Naanza na Land Rover kwa sababu ndizo nyingi. Series I ni 1948 hadi 1958. Series II ilianza 1958, ndiyo iliyoleta ule ubavu wenye tumbo. IIA ni 1961 hadi 1971, na Series III ni 1971 hadi 1985. Ubavu ukiwa na tumbo na taa zikiwa katikati, ndani ya grili, hiyo ni II au IIA ya mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 60 taa zikahamia kwenye madigadi. Grili ya plastiki na geji zilizo mbele ya dereva badala ya katikati, hiyo ni III.

Sasa tahadhari. Madigadi, milango, grili na boneti vinaingiliana. Nusu ya "Series III" zinazozunguka Kanda ya Kati ni IIA iliyovalishwa. Usiamini uso, soma chasisi. Kwenye II na IIA namba imegongwa kwenye kikono cha springi ya mbele upande wa kulia. Safisha kwa brashi na mafuta ya taa, usikwangue kwa grainda. Kwenye IIA ya petroli, namba inayoanza na 242 ni 88 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ya usukani wa kulia iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Uingereza. 252 ni 109 ya namna hiyohiyo. Herufi ya mwisho inaonyesha hatua ya mabadiliko, A ikiwa ya mwanzo. Ukiagiza vipuri bila herufi hiyo utaletewa kitu cha gari nyingine.

---

Mwana 404

Kambi naweka hapa. Naongeza Peugeot maana watu wanazisahau.

404 ilitoka 1960, mchoro wa Pininfarina, na unaitambua kwa mapezi mawili ya nyuma. 504 ilitoka 1968: taa za mbele zina pembe kama jicho lililokunja uso, na buti imevunjika kidogo kwenda chini. Kwa Afrika Mashariki 404 ina heshima yake. Ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, na ile ya 1966 na 1967 ni Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Kwa hiyo ukikuta 404 imegeuzwa banda la kuku, hilo banda lina ukoo.

Mambo mawili yanayoziua huku.

La kwanza, injini yake ina sileva za maji, yaani sileva imekaa kwenye bloku kwa kuegemea tu na kubanwa na silinda hedi kutoka juu. Ukishafungua hedi, USIZUNGUSHE kranki kabla hujazibana sileva kwa bolti na washa pana. Pistoni ikipanda inanyanyua sileva, gasketi ya chini inaachia, na ukifunga tena maji yanashuka kwenye oili. Fundi atakwambia hedi gasketi mbovu, atabadilisha, na maji yataendelea kushuka. Ukiona oili ya rangi ya chai ya maziwa baada ya hedi kufunguliwa na kufungwa upya, shuku sileva kabla ya kitu kingine.

La pili ni difu. Ya 404 si kama hizi tulizozoea. Ni ya skrubu ya chuma inayosukuma gurudumu la shaba nyeusi. Oili ya gia ya daraja la GL-5 iliyojaa kemikali za salfa inaila shaba hiyo polepole. Tia oili iliyoandikwa kuwa ni salama kwa shaba. Ukimwaga ya zamani ikatoka na vumbi la rangi ya dhahabu, gurudumu linaisha na kupata lingine ni safari.

---

Pancha Manyoni

Wakuu shikamooni. Mimi mgeni kwenye mambo haya. Volkswagen Beetle zinatambuliwaje miaka? Na kuna Land Rover 109 huku Bahi, injini imekwama, mwenye nayo anataka aivute na trekta huku ameweka gia ili iachie. Ni sawa?

---

Kabureta wa Kizota

Marahaba mdogo wangu. Mkimbilie mzee huyo, mwambie asithubutu!

Injini iliyolala ina vitu vinne vya kuogopa: pete za pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu, valvu zimekwama kwenye gaidi zake, beringi hazina oili, na pengine kuna maji juu ya pistoni. Maji hayabanwi. Trekta ikivuta, konrodi inapinda au pete zinavunjika na kuchana silinda. Kazi iliyokuwa ya wiki moja inageuka kuwa ya kutafuta bloku.

Fanya hivi. Toa plagi zote nne. Changanya oili ya gia boksi za otomatiki na asetoni nusu kwa nusu (asetoni inauzwa kwenye maduka ya rangi na thina), mimina mililita 30 hadi 50 kila silinda. Rudisha plagi kwa mkono tu, maana asetoni inakimbia haraka ikiachwa wazi. Usiwe na moto wala sigara karibu. Ongeza kidogo kila siku, acha siku tatu hadi wiki. Kama huna asetoni, dizeli na oili hiyohiyo vinafanya kazi, ila vinachukua muda mrefu.

Huku ukisubiri, fungua kava la juu utazame roka. Bonyeza kila valvu kwa kugonga kichwa cha springi polepole kwa nyundo ya mbao. Iliyokwama ukiizungusha injini inapinda fimbo yake ya kusukumia. Paka oili, gonga, paka tena.

Kisha weka hendeli ya mbele na ujaribu kwa mikono ya mtu mmoja. Mmoja, si watatu. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikisogea hata upana wa kidole umeshinda. Rudi nyuma, ongeza oili, endelea hivyo hadi imalize duara. Ikishazunguka, toa plagi, funika matundu kwa kitambaa kisha zungusha iteme uchafu, mwaga oili ya zamani, tia 20W-50. Injini ya lita 2.25 ya Land Rover inakunywa kama lita 6, na filta inataka karibu lita moja zaidi. Zungusha kwa stata plagi zikiwa nje hadi taa ya oili izime au geji ipande. Hapo ndipo unarudisha plagi na kuwaza moto.

Vipimo vya 2.25 ya petroli viandike ukutani: pointi za distribyuta milimita 0.35 hadi 0.40, plagi 0.75 hadi 0.80, nafasi ya valvu zote za kuingiza na kutoa 0.25, mpangilio wa moto 1-3-4-2.

---

Mwana 404

Beetle, angalia dirisha la nyuma. Limegawanyika mara mbili, ni kabla ya Machi 1953. Umbo la yai, 1953 hadi katikati ya 1957. Mstatili, baada ya hapo. Taa za mbele zilizolala na kioo kinachofuata mviringo wa digadi ni za kabla ya Agosti 1967. Zilizosimama wima ni za baadaye.

Na kwa joto la Dodoma, Beetle inauawa na watu wanaotupa yale mabati meusi yanayozunguka injini wakidhani ni mapambo. Mabati hayo ndiyo njia ya upepo. Yakitoka, hewa ya moto ya chini inarudi juu kwenye feni, na silinda namba 3 ndiyo inaanza kulia kwa sababu kwenye nyingi ya injini hizo kipoza oili kimekaa kwenye njia ya upepo wake. Raba inayoziba kati ya injini na bodi nayo lazima iwepo. Nafasi ya valvu ni milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, yaani asubuhi. Oili ni lita 2.5 tu, na haina filta bali chujio la wavu, kwa hiyo kwenye vumbi letu badilisha kila kilomita 3,000. Lile dude la hewa lenye oili chini usilitupe ukaweka la karatasi. Linakamata vumbi vizuri mno. Kinachotakiwa ni kuliosha na kutia oili hadi alama.

---

Lensi ya Mlimwa

Wakaka mnakimbilia spana, na mwenye uzi kasema picha kwanza 😀

Za kumbukumbu na za urembo ni kazi mbili. Nianze na za kumbukumbu maana ndizo zinazookoa gari.

Kabla hata ya kufuta vumbi: pembe nne, mbavu mbili, mbele, nyuma. Kisha kibati cha utambulisho, namba ya chasisi, namba ya injini, dashibodi, chini ya viti, chini ya gari ukilala. Kisha kila kiungo utakachofungua, mara mbili: ya mbali ionekane kipo wapi, ya karibu ikiwa na rula pembeni. Nyaya zifunge vipande vya plasta vyenye namba halafu upige. Bolti ziingie kwenye mifuko midogo ya plastiki yenye karatasi ndani iliyoandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu unafutika ukigusa petroli. Gari ikikaa mwaka mzima imefunguliwa, hakuna kichwa kitakachokumbuka ile washa ya shaba ilikuwa juu au chini.

Za urembo sasa. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri jua la huku liko utosini, madigadi yanakuwa meusi chini na meupe juu. Piga saa 12:45 hadi saa 2 asubuhi, au saa 11 hadi jua linapozama. Shusha kamera iwe usawa wa taa za mbele, usipige ukiwa umesimama wima, gari inaonekana kama mdudu. Simu ukiisogeza karibu kwa lenzi ya kawaida inavimbisha pua ya gari. Rudi nyuma mita 5 au 6 utumie zumu ya mara mbili. Mwenye kamera, milimita 50 hadi 85 inatosha. Gusa sehemu inayong'aa zaidi kwenye kioo cha simu halafu vuta mwanga chini mpaka uone mistari ya bati. Kilichoungua kwa weupe hakirudi, kivuli kinarudi.

Filta ya kupunguza mng'ao inasaidia kwenye vioo na rangi. Kwenye bampa ya kromu na aluminiamu tupu haisaidii, msipoteze pesa kwa hilo.

Adabu: piga hodi. Gari ya uani kwa mtu si ya barabarani. Na hapa ni makao makuu, kwa hiyo usielekeze kamera kwenye kambi, magari ya jeshi au majengo ya ulinzi hata kama mbele yake kuna lori la Bedford la kutamanisha. Ukiweka picha humu ziba namba za usajili, na usitaje mtaa kwa undani. Wanunuzi wa vyuma chakavu nao wanasoma.

---

Karanga Kongwa

Hapo pa chuma chakavu nashika kipaza sauti.

Watu wa Kongwa na vijiji vya jirani, tafadhali. Mpango wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951 ulileta mitambo mingi iliyobaki kwenye vita, pamoja na trekta za Shervick ambazo Vickers walizitengeneza kutokana na vifaru vya Sherman. Ukikuta gurudumu la mnyororo, kibati chenye jina la kiwanda, hata kiti cha chuma, kipige picha na kibati chake kabla hakijaenda kwenye mizani. Kilo moja ya chuma ni hela ya soda. Kibati chenye namba hakitengenezwi tena.

Kingine kinachofanya ukanda huu uwe na mali: barabara ya zamani ya Arusha, Kondoa, Dodoma hadi Iringa, pamoja na reli ya kati. Wamishonari, mabwana shamba, wakandarasi, wote walipita na magari yao, na yaliyoharibika yaliachwa yalipoishia. Msake kandokando ya barabara hizo kuliko mjini.

---

Chuma Mbichi

Bodi. Naona hamjaigusa.

Land Rover ina bodi ya aloi ya aluminiamu juu ya chasisi ya chuma. Watu wanasikia "aluminiamu haishiki kutu" wanapumzika. Aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu, yenyewe ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe. Tazama chini ya milango, kingo za sakafu, na popote penye bolti ya chuma. Dawa ni kutenganisha: bolti za zinki, washa ya nailoni au raba, na pasta ya kuzuia mgusano. Usisugue aluminiamu kwa brashi ya waya wa chuma, chembe zinabaki ndani na kutu inaanzia hapo. Tumia ya nailoni au msasa.

Chasisi ipige nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Mlio mkavu ni mzima, mlio mfu ni filla au kutu ndani. Pa kuanzia ni boriti ya nyuma kabisa na vile vikono vya pembeni vinavyobeba bodi, kwa sababu tope linajaa ndani mwezi wa pili na kubaki na unyevu wake hadi wa tano. Chasisi haitibiwi kwa filla. Kata hadi chuma kizima, chomelea bati la milimita 2 au zaidi, na usichomelee kabla hujatoa betri na tenki.

Kwa vipande vidogo vya chuma vyenye kutu, mabano, bawaba, vikombe vya taa, kuna njia ya beseni. Beseni la plastiki, maji, kijiko kikubwa cha magadi kwa kila lita 4 au 5. Chaja ya betri ya volti 12: hasi kwenye kifaa chako, chanya kwenye kipande cha chuma cha kutupa, na visigusane. Acha usiku mzima nje penye hewa maana inatoa haidrojeni. Magadi ya sokoni yana chumvi ndani, kwa hiyo ukitoa suuza kwa maji mengi, kausha juani, piga praima siku hiyohiyo. Makatazo mawili: usitumie chuma cha pua upande wa chanya, inatoa sumu ndani ya maji. Na usitumbukize kitu chochote cha aluminiamu. Magadi yanakula aluminiamu. Kabureta pia ni aloi, wameiharibu wengi kwa njia hiyo.

Rangi: upepo wa Julai hadi Oktoba ni adui. Puliza alfajiri kabla haujaamka, mwagia sakafu maji kwanza. Aluminiamu inataka praima ya kung'ata, ile ya asidi. Ukitia praima ya kawaida rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka. Rangi za kuchanganya na hadna zina sumu ya mapafu, kitambaa cha kufunga mdomoni hakisaidii, tafuta barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba.

---

Dizeli Damu

Yote haya ya nini? Toeni hiyo 2.25, wekeni 3L, injini ya dizeli ya Toyota Hiace. Vipuri kila kona, mafuta kidogo, unaenda Singida na kurudi. Gari ni ya kutembea, si ya makumbusho.

---

Kabureta wa Kizota

Dizeli, nilijua utakuja.

3L ni injini nzuri, sibishi. Tuangalie kazi yenyewe. Unahitaji bamba la kuunganisha na gia boksi, na likichongwa bila kupatanishwa katikati kwa usahihi, beringi ya shafti ya kuingilia na klachi vinakufa mapema. Mikono ya injini unachomelea upya kwenye chasisi. Difu ya Series ni ya kupunguza mara 4.7, kwa hiyo kwenye lami injini inalia muda wote, mafuta uliyotarajia kuokoa unayaona yakienda. Na shafti za nyuma za Series II na IIA zinajulikana kwa kukatika hata kwa injini yake yenyewe. Halafu kadi ya gari imeandikwa namba ya injini. Ukibadilisha bila kupeleka taarifa TRA ikarekebishwa, siku ya kuuza au kukaguliwa una maelezo ya kutoa.

Ukilazimika, fanya kwa namna ya kurudishika: tumia mikono ya kufunga kwa bolti, usikate ukuta wa mbele, na injini ya asili ijaze oili, ifunge matundu, uiweke pembeni na gari. Hapo hata mimi nanyamaza.

---

Dizeli Damu

Hiyo ya bolti nakubali. Ya makumbusho tutabishana Desemba hadi Aprili kwenye tope la Kondoa.

---

Waya Mwekundu

Umeme kwa ufupi, kwa Land Rover na magari mengine ya Uingereza.

Kabla ya kufunga betri, angalia gari ni ya ardhi chanya au hasi. Series nyingi za kabla ya 1967 hivi zina CHANYA kwenye bodi. Ukifunga kwa mazoea na kuna alteneta iliyowekwa baadaye, diodi zinaungua papo hapo. Rangi za nyaya zina maana: nyeusi ni ardhi, kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni moto baada ya swichi, kijani ni baada ya swichi na kupita fyuzi, zambarau ni moto wa kudumu uliopita fyuzi, nyekundu ni taa ndogo, bluu ni taa kubwa, bluu yenye mstari mweupe ikiwa full na yenye mstari mwekundu dimu. Fundi akiweka nyaya zote nyekundu kwa sababu ndizo zilizokuwepo dukani, anakuachia deni.

Na kondensa. Gari inawaka asubuhi vizuri, ikipata moto inakata, ikipoa inawaka tena, pointi zimeungua zikawa za bluu. Watu wanabadilisha koili na pampu ya petroli bure. Badilisha kondensa. Isipopatikana ya gari hiyo, yoyote ya maikrofaradi 0.2 hadi 0.25 unaweza kuifunga nje ya distribyuta karibu na koili.

---

Pancha Manyoni

Asanteni sana wakuu. Mzee wa Bahi amekubali kusubiri. Ila anasema petroli ya siku hizi inaua injini za zamani, na breki anatia oili ya injini kwa sababu "ni ya majimaji tu". Hapo vipi?

---

Kabureta wa Kizota

Kwenye petroli ana nusu ya haki. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara mwishoni mwa 2005. Risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu ya kutolea moshi. Bila hiyo, kiti laini kinazama kidogo kidogo ukikimbiza gari kwa muda mrefu ikiwa na mzigo. Dalili: kila ukipima valvu unakuta nafasi imepungua, leo 0.25, baadaye 0.15. Gari ya kutembea polepole Jumapili haitakusumbua, pima tu kila kilomita 3,000. Siku hedi ikifunguliwa kwa sababu nyingine, ndiyo siku ya kuweka viti vigumu.

Na mwinuko wetu: hewa ya Dodoma ni pungufu kwa kama asilimia 12 ukilinganisha na pwani. Kabureta iliyopangwa Dar inamwaga petroli nyingi huku. Plagi ikitoka nyeusi kavu kama masizi, punguza jeti kuu saizi moja, endesha, tazama tena. Ikitoka kahawia hafifu, acha hapohapo.

Breki ndiyo ya kumgombeza, kwa heshima zake. Oili ya injini inavimbisha raba za masta silinda na za magurudumu. Pedo inakuwa ngumu, breki zinashika zenyewe, kisha hazishiki kabisa. Gari ikishatiwa oili hiyo, kuosha hakutoshi. Raba zote zitoke, hozi zote za mpira zitoke, mabomba yasafishwe kwa spiriti, kisha mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 mapya kutoka kopo ambalo halijafunguliwa. Raba mpya usizipake grisi wala petroli, paka mafuta ya breki yenyewe. Toa upepo ukianza na gurudumu lililo mbali na masta silinda. Kabla ya hapo kaza vile virekebishi vya nyuma ya ngoma hadi tairi ishike, halafu legeza kidogo. Bila hivyo pedo itashuka hadi sakafuni utadhani bado kuna upepo.

---

Mwana 404

Maji ya rejeta nayo. Visima vingi vya huku vina chumvi na chokaa, na hedi ya aluminiamu ya Peugeot inaliwa hadi unaona mashimo kama jibini. Maji ya mvua yaliyochujwa au maji safi ya kuongezea betri (si asidi), pamoja na kulanti, nusu kwa nusu. Mfuniko wa rejeta usiwe wa kubahatisha: kwa mwinuko wetu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na presha ya mfuniko ndiyo inayokuongezea nafasi.

---

Chuma Mbichi

Pancha, ukienda Bahi beba spana za inchi. IIA ina mchanganyiko wa bolti za nyuzi za BSF na UNF, aina mbili za vipimo vya inchi, na spana ya 13 kwenye nati ya nusu inchi inaingia lakini inakula kona. Nusu inchi ni milimita 12.7. Beba pia brashi ya waya, mafuta ya kupenya, nyundo ya mbao, taa ya kichwa, na nati mbili tatu za UNF za saizi tofauti ili ujaribu uzi kabla ya kulazimisha bolti.

---

Lensi ya Mlimwa

Na chaji ya simu. Kibati cha chasisi kipige kwa taa ya tochi iliyolazwa pembeni, si ya mbele. Mwanga wa ubavuni unatoa kivuli kwenye kila tarakimu na hata namba iliyopakwa rangi mara nne inasomeka. Ukishaisoma iweke humu tarakimu tatu za mwanzo na herufi ya mwisho tu, tumwambie mzee ana gari gani.

---

Pancha Manyoni

252, mwisho ni B.

---

Kabureta wa Kizota

109 IIA ya petroli, usukani wa kulia, ya miaka ya 60. Ardhi chanya hiyo, mwambie asiguse betri mpaka Waya Mwekundu aone picha.